Hermes-Lite 2 na PureSignal: wati 5 safi, mradi sampuli iwe ya kweli

Redio ndogo za HF (mawimbi mafupi) za wati 5 kwa waendesha redio wa ridhaa zimejaa sokoni, na nyingi zinatosha kabisa kwa Morse na FT8 (ujumbe mfupi unaotumwa na kompyuta), ambazo hazidai sana unyoofu wa kikuzaji, yaani kukuza ishara ndogo na kubwa kwa uwiano uleule. Hermes-Lite 2, redio ya aina hiyo inayoendeshwa na kompyuta, inastahili kupimwa kwa kigezo kingine: usafi wa ishara ya sauti inayofika kwenye antena. Kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya ANAN, redio kubwa za Apache Labs, inakupa PureSignal, programu ya kunyoosha ishara. Redio inachukua sampuli ya inachorusha, inailinganisha na ilichoagizwa kurusha, kisha inaipinda ishara kabla haijafika kwenye transista za mwisho ili itoke imenyooka. Kazi hiyo inaifanya vizuri, ila si kwa kuchomeka waya na kubonyeza kitufe kimoja tu. Tathmini nyingi za mitandaoni huishia hapo.

Kwanza kifaa chenyewe. Huu ni mradi wa wazi unaoongozwa na Steve Haynal (alama yake ya wito hewani ni KF7O). Michoro na programu ya ndani zinapatikana bure, na bodi zilizokwisha kuunganishwa zinauzwa na Makerfabs wa Shenzhen. Moyo wake ni AD9866 ya Analog Devices, chipu iliyotengenezwa kwa ajili ya modemu, yenye biti 12 kwenda na biti 12 kurudi. Hapa inaendeshwa kwa saa ya MHz 76.8, kwa hiyo pokezi inafika hadi MHz 38.4. Nyuma yake kuna FPGA (chipu inayopangwa upya kwa programu) ya Cyclone IV na etaneti ya gigabiti. Hakuna kitasa, hakuna skrini. Kila kitu kinaendeshwa na kompyuta. Bodi ya vichujio ya N2ADR huuzwa kando, na ichukulie kuwa sehemu ya lazima ya ununuzi. Bila vichujio, hamoniki (nakala za ishara kwenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea) zitakuvunjia masharti ya leseni hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Mwishoni kuna transista mbili za AFT05MS003N zinazosukumana, zikitumia umeme wa volti 12 hadi 13.8. Volti hizo chache ndizo mzizi wa tatizo. Ishara inapokaribia kilele, transista haina tena nafasi ya kupanda, ukuzaji unapungua, na awamu (nafasi ya wimbi ndani ya mzunguko wake, inayopimwa kwa nyuzi) inasogea kidogo. Tuma toni mbili za Hz 700 na Hz 1900 kwenye USB (hapa ni ukanda wa juu wa sauti), na vizalia vya daraja la tatu, yaani ishara za ziada zinazozaliwa toni zikichanganyika, vitaonekana Hz 3100 juu ya masafa uliyochagua na Hz 500 chini yake. Vya daraja la tano vitatokea Hz 4300 juu na Hz 1700 chini. Jirani aliyejibanza kHz 3 juu yako anazisikia hizo kama mikwaruzo kila unapoinua sauti. Bendi yetu ya mita 40 inaishia MHz 7.2 katika Kanda ya 1 (ya Afrika na Ulaya), na jioni nafasi ni finyu. Huko ndiko ubovu huu unakowakera watu.

Redio za kawaida za volti 12 huacha vizalia vya daraja la tatu kwenye −25 hadi −30 dBc (desibeli chini ya toni moja). PureSignal ikipangwa vizuri huvishusha hadi −50 dBc au chini zaidi. Angalia namba hizi zinapimwa dhidi ya nini. Baadhi ya wauzaji na wapimaji hulinganisha na nguvu ya kilele badala ya toni moja, na hiyo peke yake inaongeza dB 6 za sifa: −30 dBc na −36 dB chini ya kilele ni redio ileile.

Mrejesho wa aina gani?

Si kila mrejesho unafanya kazi kwa namna moja, na tofauti hizo ndizo zinazoeleza nguvu na udhaifu wa kifaa hiki.

Redio za TETRA, mfumo wa kidijitali wa polisi na viwanja vya ndege, zinapaswa kupitisha alama 18,000 kwa sekunde ndani ya chaneli ya kHz 25, na kuacha uchafu usiozidi −60 dBc kwenye chaneli ya jirani. Nyingi zimetegemea kitanzi cha Kartesi: ishara inayotoka inateremshwa papo hapo kuwa I na Q (sehemu mbili za ishara zilizopishana nyuzi 90), inatolewa kwenye I na Q zilizoingia, na tofauti ndiyo inayoendesha kikuzaji. Ni mrejesho halisi, wa muda uleule, na una hatari zake zote. Tuseme kitanzi kinafikia ukuzaji wa 1 kwenye kHz 500, na njia nzima ina uchelewaji wa nanosekunde 100. Uchelewaji huo peke yake unakula nyuzi 18. Kiunganishaji, saketi inayojumlisha tofauti hizo, kinachukua nyuzi 90. Kati ya nyuzi 180 zinazokigeuza kitanzi kuwa osileta, zinabaki nyuzi 72 za usalama. Sasa awamu ya mzunguko wa kurudi ikikosewa kwa nyuzi 50, zinabaki 22, na kitanzi kinaanza kuinua kelele pembeni ya chaneli, hatua moja kabla ya kugeuka osileta. Ndiyo maana redio hizo hufungua kitanzi kwa muda mfupi, hutuma thamani thabiti kwenye I pekee, husoma I na Q zinazorudi, hukokotoa pembe, na kuizungusha hadi Q irudi sifuri. Ndiyo maana pia huwekwa aisoleta (kifaa kinachozuia nguvu isirudi) kabla ya antena: antena ikishikwa mkono au ikisogezwa karibu na bati, mzigo unabadilika na awamu inabadilika nao.

PureSignal, iliyoandikwa na Warren Pratt, NR0V, ndani ya maktaba ya WDSP, imechagua njia ya pole zaidi. Inakusanya sampuli za kilichotumwa na kilichorudi, inazipanga kwa wakati, inazigawa kwa ukubwa, na kuchora mikunjo miwili: ukuzaji kwa kila ukubwa, na awamu kwa kila ukubwa. Kisha inapotosha ishara mapema kwa kinyume cha mikunjo hiyo. Kwa kuwa hesabu hufanyika pembeni na mikunjo kubadilishwa mara kwa mara, uchelewaji wa etaneti hauna athari kwa uthabiti. Mfumo huu hauwezi kulia kama kitanzi cha Kartesi. Badala yake unaweza kujifunza jambo la uongo na kulitumia kwa ujasiri, na kosa la namna hiyo ni gumu zaidi kuligundua.

Kanuni moja inazihusu njia zote mbili: mrejesho hausahihishi kosa lililomo ndani ya njia ya mrejesho yenyewe. Pokezi ya sampuli ikishiba, yaani ikifika mwisho wa uwezo wake, programu itadhani ni kikuzaji kilichoshiba, na itakipotosha kikuzaji kilichokuwa kizima.

Kuipanga

Ujanja wa Hermes-Lite 2 ni kwamba, kwa wati zake 5, haihitaji kebo ya sampuli. Ishara inayovuja kupitia swichi ya kutuma na kupokea inatosha, na kikuzaji cha pokezi cha AD9866, kinachobadilika kutoka dB −12 hadi dB +48, kinaipandisha au kuishusha hadi kiwango kinachofaa. Huu ni uhandisi wa kibahili kwa maana nzuri kabisa ya neno.

Anza na bayasi (mkondo wa kutulia wa transista), si na PureSignal. Kila transista ya mwisho inapaswa kupitisha takriban mA 100 ikiwa imewashwa bila ishara, yaani jumla mA 200 juu ya mkondo wa kawaida wa bodi. Hupangwa kwa programu na kuhifadhiwa kwenye potenshomita ya kidijitali ya MCP4662, bisibisi haihusiki. Panga moja kwanza huku nyingine ikiwa chini, kisha ya pili. Bayasi ikiwa ndogo mno, ukuzaji unaporomoka kwenye ishara ndogo, na mkunjo unakuwa na kona kali karibu na sifuri ambayo PureSignal hushindwa kuifuata. Ikiwa kubwa mno unapika transista bure, na joto litasogeza mikunjo uliyokwisha kuipima.

Umeme unafuata. Pawa saplai ya amperi 3 iliyotulia inatosha, lakini tumia waya mfupi na mnene. Pima volti kwenye kiunganishi cha redio wakati wa kutuma. Zikishuka kwa zaidi ya volti 0.2 kati ya ukimya na kilele, rekebisha hilo kwanza. PureSignal haina kumbukumbu: inaamini kwamba ukubwa fulani wa ishara huzaa ukuzaji uleule siku zote. Umeme unaoyumba kwa mdundo wa sauti unavunja imani hiyo. Dalili ni rahisi kuiona kwenye spektra: vizalia vya upande wa kushoto na wa kulia havilingani, na hata baada ya marekebisho upande mmoja unakataa kushuka.

Sasa funga mzigo bandia wa omu 50 unaobeba angalau wati 10. Kwenye Windows tumia toleo la programu ya Thetis lililotengenezwa kwa ajili ya Hermes-Lite. Kwenye Linux, piHPSDR inafanya kazi hii vizuri, hata kwenye Raspberry Pi. Hakikisha umechagua aina sahihi ya redio. PureSignal inahitaji kujua kilele cha ishara ndani ya kifaa, na kwa Hermes-Lite 2 thamani hiyo ni 0.233, wakati redio za familia ya Hermes zinazotumia itifaki ileile ya kwanza hutumia 0.4072. Ukiacha namba isiyo yake, programu itasubiri vilele ambavyo havitafika kamwe, na taa ya marekebisho haitawaka. Malalamiko mengi ya kwamba PureSignal haifanyi kazi yanaishia kwenye namba hii.

Washa toni mbili. Mita ya wastani itasoma takriban wati 2.5 kwa kilele cha wati 5. Usiongeze nguvu ukidhani zimepotea. Acha programu ijipangie kiwango cha pokezi yenyewe, kisha tazama kiwango cha mrejesho: kati ya 129 na 181 ni kijani, na hapo ndipo unapotaka. Juu ya hapo ni buluu, pokezi inakaribia kushiba. Manjano huanza 128 kushuka hadi 91, na chini yake ni nyekundu: sampuli ni dhaifu na kelele itaingia kwenye mikunjo. Uvujaji unategemea masafa, hivyo kiwango cha mita 80 hakitafanana na cha mita 10. Pima upya kila unapobadilisha bendi au nguvu. Muda wa kusubiri wa sekunde 0.2 baada ya kubonyeza kutuma, na uchelewaji wa kikuzaji wa nanosekunde 150, viache vilivyo mpaka uwe na sababu ya kuvigusa.

Kwa sauti ya kawaida kuna mtego mwingine. Sampuli zinagawanywa kwa ukubwa katika makundi 16, na yote yanapaswa kujaa, likiwemo la juu kabisa. Anayezungumza kwa upole mbali na maikrofoni hajazi kundi la juu, na marekebisho hayatokei. Panga ukuzaji wa maikrofoni hadi vilele viguse kiwango cha juu bila kukizidi, au tumia mgandamizo wa sauti wa programu.

Ukitazama kiwambo wakati wa kutuma, ujue unachoonyeshwa. Kama ni ishara inayokwenda kwenye DAC (kigeuzi cha namba kuwa ishara), itaonekana imechafuka zaidi PureSignal ikiwaka, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu uchafu huo ndio dawa. Cha kutazama ni ishara inayorudi, na bora zaidi ni kifaa cha tatu kabisa. Mpokeaji wa bei rahisi unaochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, wenye biti 8, si hakimu wa −55 dBc. Kwa kifaa chochote utakachotumia, fanya jaribio hili: ongeza kipunguza nguvu cha dB 10 mbele yake. Toni na vizalia vikishuka vyote kwa dB 10, vizalia ni vya transmita. Vizalia vya daraja la tatu vikishuka kwa karibu dB 30, vilikuwa vinazaliwa ndani ya kipimo chako.

Penye udhaifu

Nguvu ya kutuma hubadilishwa kwenye maunzi kwa hatua 16 za dB 0.5 tu, jumla dB 7.5. Kushuka chini ya hapo ni kazi ya programu, na unalipa kwa biti za DAC ambazo tayari ni 12. Kwa wati 5 hilo halisumbui. Kwa anayetaka miliwati chache za kusukuma transveta (kifaa cha kuhamishia ishara kwenye bendi nyingine), bora kutumia kipunguza nguvu cha nje.

Joto ni suala zito zaidi kwa wasomaji wa pwani. Programu ya ndani huzima utumaji joto la bodi likifika nyuzi 55. Dar es Salaam au Mombasa mchana, chumba kikiwa nyuzi 32 bila kiyoyozi, hubakiwi na nafasi kubwa kwa FT8 inayotuma nguvu kamili kwa karibu sekunde 13 katika kila nusu dakika. Kasha la alumini ndilo kipoza joto, kwa hiyo pedi ya kupitisha joto kati ya bodi na kasha isikosekane, na feni ndogo si anasa. Hata kabla ya kuzima, joto linasogeza ukuzaji na awamu. Acha marekebisho ya kujiendesha yawe yamewashwa badala ya kupima mara moja asubuhi na kuamini mkunjo huo hadi jioni.

Kompyuta isiyotosha, au Wi-Fi iliyowekwa njiani, husababisha pengo kwenye mtiririko wa sampuli. Pengo la ghafla hutawanya nguvu kwenye kHz nyingi kwa mpigo mmoja, na hakuna mkunjo unaoweza kulirekebisha. Tumia kebo ya etaneti, na anza na akiba ya milisekunde 20 upande wa kutuma. Ongeza ukisikia mibofyo.

Uthabiti wa masafa ni mzuri kwa bei hii. Osileta ya MHz 38.4 imefidiwa joto, na kosa la 0.5 kwa milioni ni Hz 14 tu kwenye MHz 28. Anayehitaji zaidi anaweza kuingiza MHz 10 kutoka kwenye saa ya GPS.

Ukiongeza kikuzaji cha nje

Hapa mambo yanageuka, na hapa ndipo wengi hununua kitu kisichofaa. Uvujaji wa ndani unasimulia habari za transista za wati 5, haujui lolote kuhusu kikuzaji cha wati 100 kilichofungwa mbele yake. Lazima uchukue sampuli baada ya kikuzaji. Wati 100 ni +50 dBm (desibeli juu ya miliwati 1). Kichukua sampuli cha −40 dB kinabakiza +10 dBm, na kipunguza nguvu cha dB 30 kinaishusha hadi −20 dBm, kiwango ambacho pokezi inakimudu bila wasiwasi. Kwa wati 500 ongeza dB 7. Chukua sampuli kabla ya tyuna ya antena, mahali penye omu 50 za uhakika, na tumia kebo iliyofunikwa vizuri.

Kisha chomoa kebo ya sampuli, ziba kiingilio chake kwa omu 50, tuma, na uone ni kiasi gani cha uvujaji wa ndani bado kinafika kwenye pokezi. Kisipokuwa angalau dB 30 chini ya sampuli ya nje, programu inasikia mchanganyiko wa vikuzaji viwili na kurekebisha kisichokuwepo. Hili ni shida ya kweli kwenye bendi za juu, na ndiyo sababu kubwa ya kufikiria ANAN-G2 au ndugu zake: ADC (vigeuzi vya ishara kuwa namba) zina biti 16, na njia ya sampuli imejengwa ndani kwa kusudi hilo.

Waya wa ALC (udhibiti wa nguvu unaojiendesha) kutoka kwenye kikuzaji utoe kabisa. ALC ni mrejesho wa pili unaobadilisha ukuzaji kwa siri, na mirejesho miwili isiyojuana itavutana. Tena, kikuzaji kisisukumwe hadi mwisho. PureSignal hunyoosha vilele kwa kuvisukuma zaidi. Ikiwa transista imeshashiba, msukumo huo hauzai chochote zaidi ya joto. Kikuzaji kinachotangazwa kuwa cha wati 100 kwenye volti 13.8 mara nyingi kina wati 70 zinazoweza kunyooshwa.

Wanaoitumia Hermes-Lite 2 na transveta kwa ajili ya QO-100, setilaiti iliyoko nyuzi 25.9 Mashariki na inayoonekana vizuri Afrika Mashariki na Ghuba, wana sharti la ziada. Sampuli ya GHz 2.4 lazima iteremshwe kwa osileta ileile iliyopandisha ishara. Osileta mbili zinazotofautiana kwa Hz 1 tu zinaizungusha awamu nyuzi 360 kila sekunde, na mkunjo wa awamu unakuwa takataka kabla haujatumika.

Anunue nani

Kwa SSB (sauti ya ukanda mmoja) ya wati 5, au kwa kusukuma kikuzaji ambacho mmiliki yuko tayari kukijengea njia safi ya sampuli, hakuna redio nyingine ya bei hii tunayoiweka mbele ya Hermes-Lite 2. Anayetaka kitasa na betri ya kubeba porini atafute kwingine. Anayelenga wati 100 zenye −50 dBc bila kushika chuma cha solda aweke akiba kwa ajili ya ANAN. Katika oda moja weka bodi ya vichujio ya N2ADR, kasha pamoja na pedi zake, na vipunguza nguvu viwili vya dB 10, kwa sababu hivyo vya mwisho utavihitaji siku ya kwanza utakapotaka kuthibitisha namba za kwenye kiwambo.